Saa janja ya bei nafuu: namna ya kuichagua, kuivaa na kuisoma

Shangazi yangu wa Makorora, hapa Tanga, aliacha vidonge vya presha kwa wiki tatu kwa sababu ya saa. Alinunuliwa na mwanawe, saa nyeusi ya kioo cha mraba, elfu 30 pamoja na chaji yake, na muuzaji akawaambia inapima moyo, presha, sukari, hata joto la mwili. Kila asubuhi shangazi anabonyeza, saa inamwandikia 118 kwa 76. Nilipokwenda kumjulia hali Jumamosi moja nikaona pakiti ya dawa iko vilevile.

"Shangazi, mbona dawa hujanywa?"

"Dawa za nini tena mwanangu, na saa yaniambia niko sawa?"

Nikamwomba aivue. Nikaifunga kwenye mchi wa kinu uliokuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, nikabonyeza alama ya presha. Taa za kijani zikawaka, mduara ukazunguka kwa kama sekunde arobaini, kisha ikaandika 121 kwa 79. Shangazi akautazama mchi, akanitazama mimi, asiseme neno. Jioni hiyo tulikwenda kupimwa kwa mashine yenye mkanda wa kujaa hewa. Ilitoka 172 kwa 98.

Pamoja na hayo, saa hizi nazipenda. Mimi mwenyewe nina bendi, saa janja nyembamba kama mkanda, mkononi mwaka wa tatu sasa, na ndiyo iliyonizoesha kutoka alfajiri kutembea hadi Raskazone. Nataka tu atakayetoa fedha yake ajue anachonunua ni nini, na namba ipi aiamini.

Kwanza: presha na sukari ziondoe kwenye hesabu

Pindua saa yoyote uone mgongo wake. Kuna taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi, na kando yake kijicho. Damu inanyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu inajaa kwenye mishipa midogo ya ngozi na mwanga unaorudi unapungua kidogo. Kijicho kinahesabu huko kupungua na kurudi, hapo ndipo yanapopatikana mapigo kwa dakika. Saa nyingi za bei ndogo zinafanya kazi hii vizuri kuliko wengi tunavyodhani.

Presha ni jambo jingine. Mashine ya hospitali inabana mshipa wa mkono mpaka damu isimame, kisha inalegeza taratibu na kuangalia damu inaanza kupita mkanda ukiwa unabana kiasi gani. Saa ya elfu 30 haina cha kubana. Inachukua umri, urefu na uzito ulioandika kwenye simu, inachanganya na mwanga, inakisia. Zipo saa zinazojaribu kwa njia inayoeleweka: Huawei Watch D ina kifuko cha hewa ndani ya mkanda, na baadhi ya saa za Samsung hukadiria presha baada ya kulinganishwa na mashine ya mkono, kazi inayorudiwa kila wiki nne. Hizo haziko kwenye bei tunayoizungumzia hapa.

Sukari ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kujidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo. Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai yenyewe kupima sukari bila kutoboa ngozi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia hii inapima sukari, hicho kisiwe kivutio. Kwangu ni sababu ya kuirudisha kwenye kabati, maana aliyeweka namba ya uongo kwenye sukari sina sababu ya kumwamini kwenye hatua.

Mwenye presha nyumbani anunue mashine ya presha ya juu ya kiwiko. Kwenye maduka ya dawa bei yake haipishani sana na ya bendi nzuri. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, chukua mashine, saa isubiri.

Pili: chagua kwa matumizi yako

Unataka kujua umetembea kiasi gani, moyo unakwendaje na umelala saa ngapi? Bendi nyembamba inatosha. Haina madoido, ila betri yake inakaa wiki moja mpaka mbili, na mkononi huisikii. Xiaomi, Huawei na Amazfit wanatengeneza za namna hii, na oraimo nayo ina saa zake zilizoenea madukani kwetu. Nilikopita Ngamiani na mjini, bendi za majina hayo nimezikuta kati ya shilingi 80,000 na 150,000, kwa mujibu wa toleo na maelewano yako na mwenye duka. Toleo la mwaka uliopita ni ununuzi mzuri kuliko jipya, maana mabadiliko ya kila mwaka ni madogo na bei inashuka.

Unakimbia na unataka kujua kilomita bila kubeba simu? Hapo tafuta saa yenye GPS (kipokezi cha satelaiti kinachojua ulipo) yake yenyewe, na uliza kwa maneno hayohayo. Nyingi za bei nafuu zinaazima GPS ya simu; ukiiacha simu nyumbani, kilomita unazoonyeshwa ni makisio ya urefu wa hatua zako. Yenye GPS yake jiandae na 200,000 kwenda juu.

Unaogelea? Angalia maandishi ya mgongoni au kwenye boksi. IP67 maana yake imejaribiwa kwenye maji matulivu ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Hiyo ni ya mvua na kunawa. Ya kuogelea iwe na 5ATM. Wala usidhani 5ATM ni ruhusa ya kuzama mita 50. Ni kipimo cha mgandamizo kwenye maji yaliyotulia, na mkono unaopiga mbizi unaongeza mgandamizo huo. Maji moto na sabuni vinalegeza mipira ya kuzuia maji, kwa hiyo bafuni ivue.

Saa kubwa za elfu 25 zilizofanana na Apple Watch mpaka kitufe cha pembeni sizipendekezi kwa afya. Zinapokea ujumbe na simu, basi. Hatua zinahesabu hovyo na moyo zinaonyesha 72 hata ukiwa unahema.

Tatu: ijaribu hapohapo dukani

Usikubali kuonyeshwa boksi tu. Mwambie muuzaji aiwashe, uivae, na fanya jaribio hili mbele yake. Kaa utulie dakika mbili. Weka vidole viwili shingoni, pembeni ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Linganisha na saa. Ikitofautiana kwa mapigo matatu manne, ni sawa. Kisha ruka kichurachura au panda na kushuka ngazi za baraza ya duka kwa dakika moja, hesabu tena. Moyo wako umepanda. Namba ya saa lazima nayo ipande. Ikibaki ileile, shukuru, rudisha. Nimelifanya kwenye duka moja la Barabara ya 12 huku wapita njia wakinitazama, na muuzaji mwenyewe mwishoni akasema, "Dada, chukua hii nyingine, hiyo hata mimi sikuijua."

Watu siku hizi wanafunga saa kwenye ndizi na kuitangaza feki ikionyesha mapigo. Kwa mapigo ya moyo jaribio hilo halina haki. Hata saa nzuri inaweza kudanganywa na mwanga unaorudi kutoka kwenye ganda la ndizi, kwa sababu ilitengenezwa iamini kwamba imevaliwa. Jaribio la kupanda na kushuka ndilo linaloonyesha ukweli. Mchi wa shangazi ni habari nyingine: pale ilitolewa presha, yenye tarakimu mbili zilizopangwa vizuri, ya kitu kisicho na damu.

Halafu hatua: tembea mbele ya duka ukihesabu hatua 100 kwa mdomo. Saa ikisema kati ya 95 na 105, chukua.

Kabla ya kulipa hakikisha mambo haya. Programu yake inaingia kwenye simu yako? Fungua stoo ya programu, isome inataka Android au iOS toleo la ngapi. Simu nyingi za zamani zinakwamia hapo. Chaji iko ndani ya boksi? Matoleo mengi yana chaji yake ya sumaku, na mara nyingi ya bendi hii haiingii kwenye ile. Kama saa ina laini yake ya simu, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama ni halali. Na dai risiti ya EFD. Waranti ya mdomo haina pa kuipeleka.

Nne: kuiunganisha na simu

Hapa sina mengi. Ichaji ijae kwanza. Pakua programu yenyewe kwenye stoo kwa jina lililo kwenye karatasi ya boksi, washa Bluetooth, kisha unganisha ukiwa ndani ya programu. Ukiiunganisha kupitia mipangilio ya simu peke yake itakubali, ila data haitahama, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia kwa fundi.

Andika umri, urefu na uzito wa kweli. Watu wanajipunguzia kilo, kisha wanashangaa umbali na kalori haviendani. Urefu ndio unaotumika kukadiria hatua yako ina sentimita ngapi.

Programu itaomba ruhusa nyingi. Eneo inahitaji kwa ajili ya GPS. Majina ya simu na ujumbe inahitaji tu kama unataka uone nani anapiga. Picha na maikrofoni kataa. Kisha zima taarifa za makundi ya WhatsApp zisipite kwenye saa, la sivyo mkono utatetemeka kutwa na betri itaisha kabla ya Ijumaa.

Ujue pia simu nyingi zinaua programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu ya saa isizimwe.

Tano: kuivaa

Makosa mengi ya kipimo ni makosa ya kuvaa. Mahali pake ni kama upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, upande wa kwenye kiwiko. Ibane kiasi isiteleze ukitikisa mkono, lakini isiache alama ya kuzama. Ukienda mazoezini ikaze tundu moja zaidi, ukirudi ilegeze. Ikicheza mkononi, mwanga wa nje unaingia chini yake na kihisi kinaanza kuhesabu mtikisiko wa mkono kana kwamba ni moyo.

Mchoro wa tattoo unaweza kuuzuia mwanga. Kina dada wa Tanga tunaotoka harusini tumepakwa piko jeusi mpaka kwenye kifundo, vaa mkono au sehemu isiyo na piko mpaka lififie.

Na sisi tunaotawadha: ivue kila wudhu, kwanza ili maji yafike kwenye ngozi, pili kwa sababu maji yanayobaki chini ya mpira pamoja na jasho la joto letu hili ndiyo yanayoleta vipele. Futa ngozi, futa mgongo wa saa, ndipo uvae. Nilipata upele wa duara mwezi wa kwanza nikadhani nimedhurika na mpira; baada ya kuzoea kufuta ukaondoka wenyewe. Ukiona hauondoki, badili mkanda uwe wa kitambaa.

Sita: wiki mbili za kujijua

Wiki mbili za mwanzo usijiwekee lengo. Ivae tu, usiku na mchana, uishi kama kawaida. Unachokitafuta ni kawaida yako.

Namba ninayoithamini kuliko zote ni mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika, na wenye mazoezi mengi wanakuwa chini ya hapo. Yangu ilianza 78. Baada ya miezi kadhaa ya kutembea ikafika 68, na hapo ndipo nilipoamini kwamba mwili unabadilika, kwani mizani ilikuwa haijasogea. Ina faida nyingine: ikipanda ghafla kwa mapigo nane au kumi na kukaa hivyo siku mbili, kuna kitu. Huenda hukulala, hukunywa maji, au homa inakuja. Saa haiwezi kukuambia ni malaria. Inaweza kukusogeza ukapime mapema.

Hatua utazichunguza ukicheka. Saa haiioni miguu, inasikia mkono. Nilikuna nazi mbili kwenye mbuzi nikaongezewa hatua 300 na kitu nikiwa nimekaa kitako. Upande wa pili, ukipanda baiskeli kutoka Mabawa mpaka sokoni Mgandini mikono imeshika usukani, inakuandikia kana kwamba hukutoka. Mji wetu ni wa baiskeli, kwa hiyo zoea kubonyeza zoezi la baiskeli kabla ya kuondoka, ili ihesabu muda na mapigo badala ya hatua. Ukisukuma toroli au umebeba ndoo, hali ni hiyohiyo.

Usingizi: saa za kulala na kuamka inazijua vizuri. Ule mgawanyo wa usingizi mzito na mwepesi uchukue kama makisio. Mwezi wa Ramadhani utachanganyika, maana usingizi unakatwa na daku. Hesabu jumla mwenyewe.

Oksijeni ya damu: namba ya kawaida ni asilimia 95 hadi 100. Mkono ukiwa wa baridi au ukitikisika inashuka bila sababu. Mwaka 2021 FDA ilitahadharisha kwamba hata vile vipimo vya kubana kidole vinaweza kukosea zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, sembuse saa. Ikisoma 91 huku unapumua vizuri, pasha mkono, tulia, rudia. Ukiwa unahema na kifua kimebana, usisubiri kuisoma, nenda hospitali.

Kalori zipuuze. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati yake vilipima moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, lakini kwenye kalori kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27 na kibovu kwa 93. Usile sahani ya pili ya wali kwa kuwa saa imesema umechoma 500.

Saba: weka lengo lako

Hatua 10,000 hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 huko Japani, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kiliuzwa kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ikaenea dunia nzima. Utafiti uliotolewa 2019 kwa wanawake wa Marekani wenye wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba waliotembea kama 4,400 kwa siku walikufa kidogo kuliko waliotembea 2,700, na nafuu ikaendelea kuongezeka mpaka kwenye 7,500 hivi. Shangazi nilimwekea 4,000. Angalia wastani wako wa wiki zile mbili, ongeza 1,000, kaa hapo mwezi mzima, kisha ongeza tena.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, au 75 hadi 150 za nguvu. Kadiri ni ipi? Toa umri wako kwenye 220 upate upeo wa mapigo. Mwenye miaka 45 ana 175. Asilimia 50 hadi 70 ya hapo ni kama 88 hadi 123; ukitembea haraka kandokando ya bahari na saa ikakaa humo, ndiyo kadiri. Kipimo kisichohitaji betri: unaweza kuzungumza na mwenzio ila huwezi kuimba. Wanaotumia dawa kama atenolol au propranolol hesabu hii haiwahusu, kwani dawa hizo zinashusha mapigo. Wao wamuulize daktari, au wafuate kipimo cha kuzungumza.

Washa ukumbusho wa kusimama kila saa. Kwa mtu wa ofisini au mshona nguo anayekaa kutwa, mtetemo ule mdogo una faida kuliko takwimu nyingine zote ndani ya saa.

Shangazi sasa saa anaivaa kwa hatua tu. Ile alama ya presha tuliiondoa kwenye kioo. Presha anapima kwa mashine, asubuhi kabla ya dawa na jioni, amekaa dakika tano miguu imegusa sakafu, anaandika kwenye daftari analokwenda nalo kliniki. Daktari anasoma daftari kwa makini, wala hajawahi kuiulizia saa.

Nane: kuitunza kwenye mji wa bahari

Chumvi ndiyo adui. Ukitoka kuogelea isuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uikaushe, hasa vile vichuma viwili vya kuchajia mgongoni. Vikiota kutu ya kijani saa haichaji tena, na kuvikwangua kwa kisu kunamaliza kabisa. Sugua kwa kitambaa kikavu au kijiti cha masikio. Usiichaji ikiwa na unyevu.

Chaji kwa kichwa kidogo cha kawaida au kwa kuichomeka kwenye kompyuta, sio kile cha kuchaji simu kwa haraka. Usisubiri iishe kabisa. Mimi nachaji Ijumaa wakati najiandaa, dakika chache kila mara, na wiki inafika.

Mkanda ukikatika usitupe saa. Mikanda inapatikana kwa elfu chache, ila beba saa yenyewe hadi dukani, maana upana wa vijino vya pembeni unatofautiana kwa milimita mbili na hutaujua kwa kutazama picha.